Vitanda Vinne vya Kwenda Kapiri Mposhi

Safari ni kazi ya nyumba nzima. Anayeondoka hubeba mzigo wake begani, lakini wanaobaki hubeba ule usioonekana: ada ya shule, ng'ombe wa kukamuliwa alfajiri, na hofu ya kila simu inayolia usiku. Kwa sababu hiyo, katika nyumba yetu hapa mjini Babati, hakuna safari ya mtu mmoja. Na mwaka huu tulijikuta na safari mbili zikigombea kibubu kimoja.

Mji wetu hauna reli. Babati ipo penye njia panda: barabara moja yaenda Arusha, nyingine Singida, na ya tatu yashuka Kondoa hadi Dodoma. Mtoto wa hapa hukua akisikia honi za mabasi na, usiku, miguno ya viboko wa Ziwa Babati. Mlio wa treni huusikia katika hadithi za wakubwa tu. Pengine ndiyo maana safari zote mbili zilikuwa za reli. Kitu usichokuwa nacho mlangoni ndicho unachokiota.

Safari ya kwanza ilikuwa ya binti yetu. Amemaliza chuo, amepata kazi, na rafiki yake anasoma Ujerumani. Jioni moja alituwekea mezani karatasi iliyopigwa mistari vizuri: mwezi mmoja, shanta moja mgongoni, na treni kutoka Hamburg hadi Berlin, Prague, Vienna, Venice, Roma, na mwisho Paris. Nchi tano. Mume wangu aliitazama karatasi ile kama fundi atazamavyo ubao asioujua, akauliza, "Na utalala wapi?" Binti akajibu kwamba usiku mwingine atalala humo humo ndani ya treni, na hivyo ataokoa fedha ya hoteli.

Mimi ndiye ninayeshika daftari la matumizi, nami nilitaka kuujua ukweli wa jambo kabla ya kulikubali au kulikataa. Tukakaa pamoja jioni kadhaa, tukachambua. Tuligundua kwamba vijana wa Ulaya wana tiketi yao moja iitwayo Interrail, iliyoanzishwa mwaka 1972, ambayo humwezesha mtu kupanda treni za nchi nyingi bila kukata tiketi mpya kila mpakani. Lakini hiyo ni ya wakazi wa Ulaya. Mtu atokaye Babati hununua dada yake, Eurail, ambayo leo hufika nchi 33, na kijana asiyezidi miaka 27 hupunguziwa bei. Hata hivyo tiketi hiyo si ufunguo wa kila mlango. Treni nyingi za mwendo kasi za Ufaransa na Italia, pamoja na zile za usiku, hudai malipo ya ziada ya kuwekewa kiti au kitanda. Asiyelijua hilo hufika stesheni na tiketi mkononi, akazuiwa asipande.

Halafu kuna viza. Nchi zote tano zilizokuwa katika karatasi ya binti yetu zimo katika mpango wa Schengen wenye nchi 29, kwa hiyo viza moja yatosha. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na muda wote hauwezi kuzidi siku 90 katika kila siku 180. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hurudishiwi. Lazima uwe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, uthibitisho wa fedha za kujikimu, na ushahidi kwamba una sababu ya kurudi nyumbani. Uingereza haimo, anayetaka kuvuka kwenda London aombe viza nyingine. Binti aliandika yote hayo bila kukata tamaa. Kwa hakika nilimwonea fahari. Kijana anayehesabu gharama za ndoto yake si mtoto tena.

Safari ya pili ilikuwa ya baba mkwe. Yeye hakuandika karatasi yoyote. Katika ujana wake alikuwa miongoni mwa maelfu ya Watanzania waliojenga Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, kwa mkopo usio na riba kutoka China. Kazi ilianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia Julai 1976. Ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kilometa 975 ziko kwetu na 885 ziko Zambia. Baba mkwe alipangiwa kati ya Mlimba na Makambako, mahali ambapo reli yapanda milima na ambapo mengi ya mahandaki yake yalichimbwa. Alibeba kokoto, akalaza mataruma, akaugua malaria, akapona, akarudi kazini. Mkataba wake ulipokwisha alirejea nyumbani kulima. Hajapata kuiona Kapiri Mposhi.

Tangu mwaka jana miguu yake imeanza kumlemea. Ndipo alipomwambia mume wangu, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba angependa kujua ile reli inaishia wapi.

Msomaji atauona ugumu wetu. Kibubu ni kimoja. Kina akiba ya mshahara wangu, faida ya karakana ya mume wangu, mchango wa binti, na fedha ya mbaazi za shambani. Nani ale kwanza: ujana au uzee? Nilimwambia binti kwamba babu yake hana muda mrefu wa kungoja. Akanijibu kwa adabu, lakini bila kurudi nyuma: "Mama, hata ujana wangu haungoji. Nikiolewa na kupata watoto, nani ataniruhusu kubeba shanta?" Sikuwa na jawabu. Kina mama wengi watanielewa, maana ni wachache kati yetu waliowahi kuulizwa wangependa kwenda wapi kabla ya kuulizwa wamepika nini.

Baba mkwe, aliposikia mabishano hayo, alitaka kuyamaliza. Akasema, "Mwacheni mtoto aende huko Ulaya. Mimi reli ile naijua hata nikifumba macho." Hapo ndipo mama mkwe, aliyekuwa akipepeta mahindi pembeni bila neno, alipoinua kichwa. "Unaijua wewe," alisema. "Mimi sijawahi kuiona."

Sote tukanyamaza. Mama huyu alikuwa mchumba wa baba mkwe miaka ile. Alimngoja huku watu wakimwambia kwamba wajenzi wa reli huoa huko huko. Reli iliyochukua miaka ya ujana wake hakuwahi hata kuikanyaga. Binti alikunja karatasi yake ya Ulaya, akaiweka ndani ya daftari langu, akasema, "Tuanze na ya babu na bibi. Lakini mama, uandike tarehe ya yangu." Nikaiandika, na bado ipo.

Basi tukaanza kupanga, na hapa pana mafunzo ambayo familia yoyote ya mshahara mdogo yaweza kuyatumia.

La kwanza ni njia. Kutoka Babati, njia fupi ni basi hadi Dodoma, kisha Iringa na Makambako, na kupanda treni hapo. Ingetuokolea fedha na siku. Lakini Makambako iko baada ya milima na mahandaki ya baba mkwe. Angepanda treni mahali ambapo jasho lake limekwisha kupitwa! Njia ya rahisi inayoruka kusudi la safari si rahisi tena. Ni hasara iliyopunguzwa bei. Tukachagua kuzunguka: basi hadi Dodoma, kilometa 251 za barabara ya lami iliyozinduliwa mwaka 2018, treni ya umeme kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, halafu TAZARA.

Binti, ambaye macho yake bado yako Ulaya, alitufundisha jambo hapo. Reli hiyo mpya ya umeme ina upana wa milimita 1,435, sawa na reli za Ujerumani na Ufaransa. Reli ya Kati ya zamani, waliyoianza Wajerumani mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina milimita 1,000. TAZARA ina 1,067, kama reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Ndiyo sababu behewa la Tabora haliwezi kuteremka Mbeya, na mizigo huhamishwa Kidatu kutoka reli moja hadi nyingine. Baba mkwe alicheka akasema kwamba reli ni kama koo za watu: ndugu, lakini kila mmoja ana kipimo chake.

La pili ni vitanda. Katika TAZARA chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, na cha daraja la pili vitanda sita. Wanaume na wanawake hawachanganywi, isipokuwa familia ikichukua chumba kizima. Hatukutaka wazee watenganishwe, kwa hiyo tuliamua kulipia vitanda vinne: baba mkwe na mama mkwe vile vya chini, mume wangu na binti vile vya juu. Msomaji atahesabu na kuona kwamba mimi simo. Nina kazi ya ajira, na wadogo wawili wa shule hawawezi kuachwa. Nilipolitamka hilo mume wangu alitaka kunipa nafasi yake, lakini wazazi ni wake, na kumnyanyua baba kwenye ngazi ya behewa kunahitaji mikono yenye nguvu kuliko yangu.

La tatu ni saa. Ratiba huandikwa kwa saa 24, nasi husoma saa kwa jua. Treni iliyoandikwa 15:50 huondoka saa tisa na dakika hamsini alasiri. Tena Zambia iko saa moja nyuma yetu. Ukivuka Tunduma kuingia Nakonde, saa yako ya mkononi imekuwa mwongo.

La nne ni hati. Raia wa Tanzania haombi viza kuingia Zambia, lakini pasipoti ni lazima, na kila moja ni shilingi 150,000. Mama mkwe hana cheti cha kuzaliwa, hivyo inabidi kuanza na hati ya kiapo. Kadi za chanjo ya homa ya manjano tumeziulizia hospitali mapema, pamoja na dawa za shinikizo la damu za kutosha mara mbili ya siku za safari, kwa kuwa reli kongwe huchelewa.

Na TAZARA imezeeka kweli. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China wa kuifufua. Reli inapofanyiwa matengenezo ratiba hubadilika, kwa hiyo tumeapa kutolipa hata senti kwa neno la mtu barazani. Tutauliza stesheni yenyewe, mara mbili, na kuondoka baada ya kuvuna mbaazi na kabla ya mvua za kupandia. Wala hatuhesabu mbaazi kabla hazijauzwa. Tangu India ilipozuia uagizaji mwaka 2017 na bei ikaanguka, mkulima wa Babati amejifunza kwamba gunia lililoko ghalani bado si fedha.

Palibaki swali moja. Binti aliona kwamba huenda treni ikapita mahandaki usiku, akahuzunika kwamba babu hataona kitu. Mzee akamtuliza: "Mjukuu wangu, ndani ya handaki hakuna mchana. Nitalijua kwa sauti ya magurudumu."

Nimempa binti daftari jipya. Ataandika jina la kila stesheni, saa ya kufika na ya kuondoka, na lile atakalosema babu yake hapo. Atajifunza kubadili shilingi kuwa kwacha, kujaza fomu mpakani, kulinda shanta yake, na kumngoja anayetembea polepole. Akiyaweza hayo na wazee wawili hadi Kapiri Mposhi, Vienna haitamshinda.

Ndugu msomaji, yako mambo ambayo familia huyaahirisha kila mwaka kwa kuwa bati la jiko linavuja au ada imepanda. Bati litaendelea kuvuja na ada itapanda tena. Waulize wazee wa nyumbani kwako wangependa kwenda wapi, kisha uwaulize na vijana, na usimsahau yule anayepepeta mahindi pembeni. Huenda asitaje mahali pa mbali. Huenda akataka tu kuona kile kilichomngojesha.