Kuifuata Lifti Dar

Kwenye stesheni ya treni ya umeme pale Kihonda, Morogoro, mizigo yote hupita kwenye mashine ya ukaguzi. Mfuko wa Mjomba ulipopita, dada wa ukaguzi aliona tepu ya chuma ya meta tano, kipande cha chaki na chupa ya chai.

"Shikamoo babu. Unakwenda kupima kiwanja?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nakwenda kununua lifti."

"Ya ghorofa?"

"Ya gari."

Alinitazama mimi, kama anayetaka kujua iwapo mzee huyu ana mtu wa kumwangalia, kisha akaturuhusu.

Treni hiyo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, lakini mimi na Mjomba tulikuwa bado watu wa basi. Yeye ana sababu yake: ujana wake wote aliendesha malori ya Zambia, na chombo ambacho hamwoni dereva wake hakiamini. Mimi sina sababu, ni mazoea tu. Siku hiyo tulitaka kwenda na kurudi kabla giza halijaingia, na kwa barabara ya Chalinze ahadi kama hiyo hupewi na mtu.

Nyuma ya nyumba yangu nina banda la magari mawili. Siyo gereji ya biashara. Ni mahali ninapohangaika na hardtop ya mkonga niliyoachiwa na marehemu baba, pamoja na Raum ya mke wangu. Miaka yote nimelala chali juu ya boksi, gari likiwa juu ya jeki na stendi mbili, mafuta machafu yakinidondokea sikioni. Mwaka juzi jeki iliteleza nilipokuwa nafungua gurudumu la nyuma. Mkono wangu ulikuwa umetoka chini ya gari muda mfupi kabla ya hapo. Mke wangu alisikia kishindo, akaja, akaona, akarudi ndani bila kusema kitu. Kesho yake alinipa kitabu chake cha kikoba.

Mjomba alitaka nichimbe shimo kama yale ya gereji za zamani. Nilikataa kwa sababu mbili. Masika kiwanja chetu hujaa maji, na shimo lingekuwa kisima. Halafu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutulia chini, palepale fundi anaposimama na taa yake. Mjomba alisema amefanya kazi mashimoni miaka 30 na hajaungua. Nikamwambia walioungua hatuko nao kutusimulia. Hakunijibu siku mbili.

Treni iliondoka kwa dakika yake, kimya, hata chai haikutikisika. Skrini ilipofika 160, Mjomba alifunga kizibo cha chupa taratibu. Akaanza kunisimulia reli ya zamani, ile ya Wajerumani iliyoanza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905 na kufika Morogoro miaka miwili baadaye, ambayo mataruma yake yamebeba reli zenye nafasi ya meta moja tu kati yake. "Hii mpya ni milimita 1,435," nikasema. Akaguna. "Ndiyo maana haiyumbi. Kitu kizito kinataka miguu iliyoachana na mahali imara pa kukanyaga." Tulikuwa tumepita Ngerengere. Ghafla akanigeukia.

"Jamvi la banda lako lina unene gani?"

"Inchi nne."

"Ulimwona fundi akimwaga?"

"Nilikuwa kazini, Mjomba."

Tulinyamaza hadi Ruvu. Hapo akaniamuru nipige simu nyumbani, mwanangu atoboe jamvi kwa drili pembeni ya ukuta hadi afike kwenye kifusi, kisha apime kina. Kijana akauliza apime na nini. Mjomba akapokea simu: "Na akili zako." Pugu ikapita, tukaingia Dar.

Gerezani si mbali na stesheni, tukaanzia huko kwa sababu Mjomba haamini kitu kipya kabla hajaona kilichotumika. Kijana mmoja alitupeleka uani, nyuma ya rundo la injini, ambako nguzo mbili za lifti zilikuwa zimelazwa ardhini. Rangi ilikuwa mpya, ya bluu inayong'aa. Mjomba alipangusa waya wa chuma kwa kitambaa. Nyuzi zake zilinasa kwenye kitambaa kama miiba. Waya hizo ndizo zinazofanya mikono ya nguzo zote mbili ipande sawa. Zikikatika, upande mmoja unatangulia na gari linalala. Kisha akatafuta loki za usalama, vile vyuma vinavyolia tak tak lifti inapopanda, vikinasa kila hatua ili mafuta yakivuja gari lisishuke. Ya kulia ilikuwepo. Ya kushoto ilikuwa imekatwa kwa gesi.

"Hii ilikuwa inasumbua kushuka, mzee," kijana alieleza, "wakaitoa."

Mjomba alimshukuru kwa ukweli wake, tukaondoka. Bei ilikuwa nzuri sana. Nakiri niliangalia nyuma mara moja.

Duka la mashine tulilokwenda baadaye liko Barabara ya Nyerere, lina kiyoyozi na sakafu unayojiona uso. Muuzaji, kijana mwenye shati lililopigwa pasi, aliamkia vizuri, akatupa maji, akaanza na aina. Ya nguzo nne gari hupanda kwa magurudumu yake kwenye njia mbili za chuma. Ni tulivu, uzito unagawanyika kwenye nyayo nne, na chini yake unaweza kuegesha gari la pili. Lakini magurudumu yamekanyaga. Ukitaka breki, ununue jeki nyingine ya kupandia katikati. Ya mkasi ni fupi, nyingi za aina ile ndogo hunyanyua kama meta moja, hazihitaji nguzo, ila mkasi wenyewe hukaa katikati ya tumbo la gari. Kwa matairi na breki inafaa sana. Kwa giaboksi ya hardtop, utaikumbatia mikasi.

Ya nguzo mbili ndiyo niliyoitaka tangu nyumbani. Mikono minne inashika gari chini, magurudumu yananing'inia, tumbo lote liko wazi. Ile aliyotuonyesha hubeba tani nne. Hardtop haifiki tani mbili na nusu ikiwa tupu, na Raum ni kama nusu ya hiyo. Mjomba alipiga magoti kwenye ile sakafu ya kujionea uso akakagua mikono. Alieleza, zaidi kwa muuzaji kuliko kwangu, kwamba hardtop inashikwa kwenye chesisi, na kwa kuwa chesisi iko juu, inataka vipande vya kurefushia pedi. Raum haina chesisi, inashikwa kwenye zile kingo zilizoimarishwa chini ya milango, penye alama, na ukikosea unakunja bati. Na gari lenye injini nzito mbele lisipowekwa sawasawa, linainamisha pua. Unalinyanyua kidogo tu kutoka ardhini, unalisukuma kwa mkono, unalitazama, ndipo unaendelea. Likifika juu, unalishusha kidogo likae kwenye loki, uzito uwe juu ya chuma na si juu ya mafuta. Muuzaji alikuwa ameanza kuandika.

Kuhusu umeme tulielewana haraka: nyumbani nina njia moja, si njia tatu, na mota ya kilowati 2.2 ipo ya njia moja, mradi ipewe waya wake peke yake na breka yake.

Kisha ikaja habari ya urefu. Kuna nguzo mbili zilizounganishwa kwa juu, sakafu ikabaki tupu, na hizo zinafika karibu meta 3.7. Na kuna zilizounganishwa kwa chini, kwa bamba linalovuka sakafu, nazo hazifiki meta tatu. Nilitoa karatasi yangu kwa fahari: meta 4.1. Mjomba akauliza nimepima wapi. Nikasema hadi juu.

"Juu kwenye bati au chini ya kenchi?"

Nilikuwa nimepima hadi kwenye bati. Chini ya kenchi ni 3.2.

Kijana wa watu, kwa kuona biashara inateleza, akasema tusihofu, kenchi hukatwa kipande, na sakafu yoyote ya sementi inashika boliti. Wakati huohuo simu yangu ililia. Ilikuwa picha: njiti ya fagio la chelewa iliyotiwa alama ya kalamu, imelazwa kando ya rula ya shule. Sentimeta sita. Mtengenezaji wa lifti ile, kwenye kitabu chake kilichokuwa juu ya meza ya huyohuyo kijana, anataka zege lisilopungua sentimeta kumi, gumu, lisilo na ufa karibu na nguzo. Mjomba alimgeuzia kitabu ukurasa ule, akaweka kidole kwenye mstari, akanyanyuka.

Tulirudi na treni ya jioni tukiwa na kitabu hicho na chupa tupu ya chai. Nilinuna hadi Soga. Nilikwenda kununua chuma, nikarudi na hesabu ya kokoto.

Fundi mwashi alikata jamvi kwa ukanda unaopita chini ya nguzo zote mbili, tukafunga nondo, tukamwaga zege la sentimeta 20, na safari hii sikwenda kazini. Wiki ya kwanza tulilifunika magunia na kulimwagia maji asubuhi na jioni. Tulingoja siku 28, ndipo lori likaleta lifti ya bamba la chini. Kenchi hatukuzigusa.

Kwenye nguzo ya kushoto Mjomba amepiga mstari mwekundu wa rangi kwa hardtop, ambayo ina kimo cha meta mbili na kidogo: mwisho wake ni meta moja kutoka chini, zaidi ya hapo mkonga unagonga kenchi. Kwa hiyo hardtop tunaitengeneza tukiwa tumekaa kwenye vigoda. Raum inapanda meta moja na nusu. Mjomba husimama wima chini yake; mimi niliyemzidi kimo bado nainama.