Maswali Yetu, Fedha za Wengine

Nchi inaweza kuwa na watafiti hodari na maabara zenye vifaa vya kisasa, na bado ikawa haina utafiti ulio wake. Utafiti huwa wa taifa pale taifa lenyewe linapouliza swali, linapogharimia kulitafutia jibu, na linapokuwa tayari kulitumia jibu hilo hata kama halipendezi. Ukiliondoa sharti la pili, hayo mengine mawili hayadumu. Ningependa tulitafakari jambo hili, hususan ninyi wanafunzi wangu, na ninyi mnaoandaa bajeti za wizara na halmashauri zetu.

Hatuna uhaba wa taasisi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ilifuata kwa sheria ya mwaka 1986. Hatuna uhaba wa ahadi pia. Mwaka 1990 tume ya kimataifa iliyochunguza utafiti wa afya katika nchi zinazoendelea ilipendekeza kila nchi itenge angalau 2% ya matumizi yake ya afya kwa ajili ya utafiti. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi 15% ya bajeti zao kwa sekta ya afya. Mwaka 2006, mjini Khartoum, Umoja wa Afrika ulikubaliana kuwa kila nchi mwanachama itumie 1% ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo. Vijana waliozaliwa mwaka ule wa Khartoum sasa wameketi katika madarasa yetu ya chuo kikuu, na bado tunazinukuu asilimia zile zile kama malengo ya kesho.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsimamia mwanafunzi wa uzamili, muuguzi aliyetoka katika hospitali ya wilaya. Alikuja na swali alilolichota wodini: kwa nini wanawake wenye shinikizo la damu huacha dawa miezi michache tu baada ya kuanza, kisha hurudishwa hospitalini wakiwa wamepooza upande mmoja? Hakuhitaji fedha nyingi. Alihitaji nauli, posho za wasaidizi wawili na mashine chache za kupimia presha. Fungu la ndani aliloliomba lilikuwa limeidhinishwa kwenye vitabu vya bajeti, ila fedha zenyewe hazikutoka. Baada ya kusubiri miezi minane, alichukua nafasi ndani ya mradi mkubwa wa UKIMWI uliofadhiliwa kutoka nje, ambao maswali yake yalikuwa yameandikwa tayari. Aliifanya kazi ile vizuri, akahitimu. UKIMWI unastahili kila shilingi inayotumika kuutafiti. Lakini wanawake wa wilaya ile waliendelea kuletwa wodini, na swali lao likabaki ndani ya daftari.

Kisa hicho kina historia ndefu nyuma yake. Mwaka 1952 homa ya ajabu ilizuka kusini mwa Tanganyika, katika nyanda za Wamakonde. Wagonjwa walijikunja kwa maumivu ya viungo, na wenyeji wakaipa jina kwa lugha yao: chikungunya. Jina hilo limeenea duniani kote, na ugonjwa wenyewe umefika Asia na Amerika ya Kusini. Chanjo ya kwanza dhidi yake ilipata idhini nchini Marekani mwezi Novemba 2023, ikiwa imetengenezwa na kampuni ya Ulaya. Kimakonde kiliupa ugonjwa jina. Uamuzi wa lini chanjo itafutwe, na ianze kumfikia nani, ulifanywa mbali sana na Newala. Simlaumu aliyetoa fedha zake na kuamua zifanye nini. Nauliza sisi tulikuwa tumeweka nini mezani.

Kisha ukaja mwaka 2025. Januari, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Miongoni mwa programu zilizokatishwa ni ile iliyosaidia nchi nyingi kufanya tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya anazifahamu tafiti hizo, hata kama hakuwahi kuuliza nani alizigharimia. Tunaposema kwa fahari kwamba vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, tunalinganisha utafiti wa 2015/16 na ule wa 2022, na zote mbili zilitegemea sana msaada wa programu hiyo. Yaani hata kioo tunachojitazamia tulikiazima. Wahenga walituonya kuwa mtegemea cha ndugu hufa maskini. Katika afya, hufa pia bila kuhesabiwa.

Ninajua hoja ya afisa wa bajeti, kwa kuwa nimeisikia vikaoni mara nyingi: zahanati haina dawa, wewe unaniomba fedha za utafiti? Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake linatoka humu humu nchini. Katika miaka ya 1990, mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, ulizitazama bajeti za afya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Ulilinganisha magonjwa yanayoua watu na mahali fedha zinakoelekezwa. Katika wilaya mojawapo malaria ilichangia takriban 30% ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilipewa kama 5% tu ya bajeti. Timu za afya za wilaya zilipopewa takwimu hizo, pamoja na nyongeza isiyozidi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, zilipanga upya matumizi yao. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya 40%. Dawa isiyonunuliwa kwa sababu fedha zimekwenda kwingine haipatikani kwa kufuta utafiti. Utafiti ndio uliofichua kwamba fedha zilikwenda kwingine.

Ni kweli kwamba TEHIP nao ulikuwa na fedha za wageni. Ndiyo maana sisemi tuwafukuze wafadhili. Nasema mgeni anapokuja amkute mwenyeji ana meza yake, na orodha yake ya maswali iko juu ya meza hiyo.

Napendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, ile 2% iandikwe kama kasma inayojitegemea katika bajeti ya afya, na Bunge lipewe kila robo mwaka taarifa ya kiasi kilichotolewa, maana fedha iliyoidhinishwa bila kutolewa haijawahi kumtibu mtu. Pili, kila mradi mkubwa wa nje unaoomba kibali uoneshe ni kipaumbele kipi cha taifa unachokihudumia, na uchangie sehemu ya bajeti yake kwa maswali yanayotoka wilayani. Tatu, tafiti za kitaifa zinazohesabu vizazi, vifo na magonjwa zigharimiwe na Hazina, kama tunavyogharimia uchaguzi, kwa kuwa zote mbili ni namna ya kumhesabu raia.

Wanafunzi wangu, dai la bajeti ya utafiti halina mvuto wa maandamano, na halijazi viwanja. Lakini liko ndani ya vitabu vya bajeti vinavyosomwa bungeni kila mwaka, na vitabu hivyo ni vya umma. Vitafuteni. Tafuteni mstari wa utafiti wa afya, muusome hadi safu ya mwisho, kisha mwandikieni mbunge wenu kumuuliza kwa nini tarakimu ile iko vile.