Chipukizi Ninaowapanga Kila Agosti

Katika ligi yetu ya fantasi kila mwanachama ana klabu moja ya hoki ya barafuni anayoifuatilia kwa niaba ya wenzake, na kila Agosti hutakiwa kuleta orodha ya chipukizi wa klabu hiyo, wa kwanza hadi wa kumi. Mimi nilipewa Ottawa Senators. Naishi Ottawa, na wenyeji wote walikuwa wameshawahi klabu wanazozipenda tangu utotoni. Orodha zikishakamilika tunafanya drafti yetu Septemba, na hapo kila mmoja huchagua vijana wa kuwahifadhi, wengine wana miaka 18 tu na hawajacheza hata mechi moja ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini.

Utaratibu si mgeni kwa vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaokoseshwa usingizi na fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Mchezaji wako akifunga au akitoa pasi ya bao kwenye mechi halisi, wewe unavuna pointi. Ila kule unampanga mtu wa Jumamosi hii, na asipocheza vizuri unamtoa. Huku unamchukua mtu wa miaka minne au mitano ijayo, unakaa naye, unamngoja apone goti, unamngoja kocha ampende.

Tulianza vuli ya 2005 kwenye kantini ya ghala tulimokuwa tukifanya zamu ya usiku. Msimu wa 2004-05 haukuchezwa kabisa. Wamiliki na wachezaji waligombana juu ya mishahara mpaka msimu mzima ukafutwa. Hoki iliporudi, watu walikuwa na njaa nayo. Msimamizi wetu, mzaliwa wa Kanata, kitongoji cha hapa Ottawa, akajifanya mwenyekiti, akatundika karatasi ukutani, akatukusanyia ada ya kiingilio. Mimi mtu wa Tanga niliandikisha jina langu kwa sababu nisingekuwa na la kuzungumza usiku kucha.

Orodha yangu ya kwanza niliipanga kwa kitabu cha mwaka kilichouzwa kwenye duka la dawa, karibu na vipodozi. Kila chipukizi alikuwa na mistari michache: mabao, pasi za mabao, urefu, uzito. Uzito ndio uliokuwa hakimu. Kijana mwenye kilo 95 alisifiwa hata kama hafungi, na mwenye kilo 75 alitajwa kwa huruma. Ilikuwa na mantiki yake. Kwa miaka mingi waamuzi walifumbia macho mabeki walioshika, kuvuta na kukwamisha watu kwa magongo, kwa hiyo mwenye mwili mdogo aliishia ukutani.

Mabishano yetu yalikuwa na mizimu miwili ya Ottawa. Wa kwanza ni Alexandre Daigle, aliyechaguliwa namba moja katika drafti ya NHL ya 1993, ambamo klabu huchagua vijana kwa zamu, na kusainiwa kwa dola milioni 12.25 kwa miaka mitano kabla hajacheza mechi yoyote. Hakuwahi kuwa nyota aliyetabiriwa, na fedha zile zilichangia NHL kuweka kikomo cha mishahara ya wachezaji wapya mwaka 1995. Aliyechaguliwa namba mbili nyuma yake, Chris Pronger, aliishia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa hoki. Wa pili ni Daniel Alfredsson, Mswidi aliyechukuliwa wa 133 mwaka 1994 na wakati tunaanza ligi alikuwa nahodha. Ukimpandisha mtu orodhani, unaulizwa kama umemsahau Daigle. Ukimshusha, unakumbushwa Alfredsson. Baada ya hapo hakuna la kuongeza, kila mtu anarudi kwenye maboksi yake.

Aliyenitoa kwenye kitabu ni Papa. Ndivyo tulivyomwita sote pale ghalani, kwa kuwa alituzidi umri na alikuwa na heshima zake. Ni mtu wa Bukavu, na kwa sababu ya Kifaransa alipanga nyumba Gatineau, ng'ambo ya Mto Ottawa. Karibu na kwake kulikuwa na uwanja wa Robert-Guertin, uliofunguliwa 1957, nyumbani kwa Olympiques, timu ya vijana wa miaka 16 hadi 20. Tiketi ilikuwa ya bei ambayo mfanyakazi wa ghala hajiulizi mara mbili. Papa alikuwa hajui hoki hata kidogo alipofika Kanada, ila alikuwa kiungo wa mpira wa miguu ujanani mwake, na viungo wana ugonjwa wa kutazama watu badala ya mpira.

Tulikaa nyuma ya goli, chipsi mkononi, mahali ambapo unasikia vyuma vya viatu vikikwaruza barafu. Kisahani cha hoki kinakwenda kwa kasi mno, na macho ya mgeni hukiganda. Papa akanikataza kukitazama. Kulikuwa na kijana mwembamba, Claude Giroux, ambaye timu za vijana za Ontario zilikuwa zimempita bila kumchagua. "Ule mtoto," Papa akaniambia, "angalia kichwa yake." Nikaangalia. Kabla kisahani hakijamfikia, kichwa kiligeuka bega la kushoto, kikarudi, kikageuka la kulia. Alipokipokea, alishajua kinakwenda kwa nani. Wenzake walipokea kwanza ndipo wakaanza kutafuta.

Giroux alimaliza msimu ule wa 2005-06 na pointi 103. Philadelphia wakamchagua wa 22 kiangazi kilichofuata, na Bobby Clarke, meneja wao, alipopanda jukwaani kumtangaza akasahau jina lake. Papa alilipeleka jambo hilo kwenye kantini kama ushahidi mahakamani: wakubwa wenyewe hawajui wamechukua nini.

Tangu hapo orodha yangu ikawa na safu ambayo haikuwemo kwenye kitabu chochote. Niliiita kichwa. Mwenyekiti aliicheka, lakini mambo yalikuwa yanageuka upande wetu. NHL iliporudi 2005 ilikuja na sheria mpya: pasi ndefu kuvuka mistari miwili ikaruhusiwa, na waamuzi wakaamriwa kumpulizia filimbi kila anayeshika au kukwamisha. Nafasi ikafunguka barafuni, na wenye akili na miguu wakaanza kuishi. Pia kiliwekwa kikomo cha jumla ya mishahara ya timu, dola milioni 39 kwa msimu ule wa kwanza, hivyo chipukizi wa mshahara mdogo akawa lulu. Vijana waliokuwa wakiozea timu za pili wakaanza kuitwa mapema.

Juni 2008 drafti yenyewe ya NHL ilifanyika hapa Ottawa. Klabu ilipanda kutoka nafasi ya 18 hadi ya 15, na wakampandisha jukwaani Alfredsson atangaze jina: Erik Karlsson, beki wa Kiswidi, mwembamba kiasi kwamba jezi ilimpwaya. Watu walishangilia, nadhani zaidi kwa ajili ya mtangazaji. Krismasi ile ile mashindano ya dunia ya vijana yakaja mjini. Wakanada wanayakumbuka kwa bao la Jordan Eberle dhidi ya Urusi, zikiwa zimebaki sekunde 5.4. Mimi na Papa tulikuwa tunamtazama Karlsson. Beki akiwa na kisahani nyuma ya goli lake hukimbiliwa na mshambuliaji, na wengi hukipiga mbele kwa woga. Karlsson alimngoja. Alimngoja mpaka yule jamaa akajitoa mwenyewe kwa kasi yake, kisha akapita upande ulioachwa wazi akiwa ameinua uso. Alitajwa beki bora wa mashindano, Uswidi wakachukua fedha.

Kwenye fantasi beki wa aina hiyo ni nadra kuliko mfungaji. Kila timu ya ligi yetu lazima ijaze nafasi za mabeki, na mabeki wengi hawaleti chochote. Msimu wa 2011-12 Karlsson alipata pointi 78. Beki aliyemfuata katika NHL nzima alikuwa na 53. Aliyekuwa naye ligini kwetu aliongoza msimu wote akiwa kama amelala, na nikaanza kupigiwa simu Agosti na watu waliokuwa hawajawahi kuniuliza habari za Ottawa.

Wakazidisha, bila shaka. Ikaja homa ya wadogo. Kila mfupi mwenye kasi akawa almasi. Aprili 2013 Ottawa wenyewe walimtoa kipa mrefu, Ben Bishop, wakamchukua Cory Conacher, mfupi aliyekuwa amewaka msimu ule kama mchezaji mpya. Fantasi nzima ilishangilia. Mwaka mmoja baadaye Bishop alikuwa miongoni mwa watatu wanaowania tuzo ya kipa bora, na Conacher alikuwa ameshaondoka Ottawa. Makipa bado nawaweka chini orodhani, kwa sababu wanachelewa kukomaa na hakuna anayejua ni yupi, lakini simkejeli tena anayewachukua.

Hesabu ziliingia na mwanachama mmoja mhasibu. Alileta jedwali lililotokana na kazi ya Gabriel Desjardins, mchambuzi aliyekokotoa pointi ya ligi moja ina thamani gani ikipelekwa NHL. Pointi ya ligi ya vijana ya Ontario hubaki kama theluthi moja. Ya AHL, ligi ya pili kwa wakubwa, hubaki chini kidogo ya nusu. Unazidisha, unapata makadirio. Halafu akatufundisha kutazama tarehe za kuzaliwa. Anayetimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15 anaingia drafti ya mwaka ule. Aliyezaliwa siku moja baadaye anangoja mwaka mzima, akikua. Auston Matthews alizaliwa Septemba 17, 1997. Siku mbili zilimsukuma hadi drafti ya 2016, na muda huo akautumia kucheza na watu wazima Zürich. Mechi yake ya kwanza ya NHL ilikuwa hapa kwetu, Oktoba 2016, akatufunga mabao manne. Tulishinda 5-4, lakini nani anakumbuka?

Nawatetea wahesabu hadi leo. Ndio waliomwona Mark Stone, aliyechaguliwa wa 178 mwaka 2010 kwa kuwa miguu yake ilikuwa mizito, kisha akavuka pointi 100 misimu miwili mfululizo kwenye ligi ya vijana ya magharibi, mbali na macho yetu. Ila kantini ilipoa. Mtu akiuliza nani bora, wanafungua simu, wanasoma tarakimu, wanakula. Na kila bao la kila kijana kutoka Belleville hadi Siberia likawa linaonekana kwenye simu hiyo hiyo kabla hujafika nyumbani. Kilichokuwa siri ya Papa kikawa cha watu wote.

Katikati ya hayo, mwaka 2018, Kenya Ice Lions, timu ya vijana wanaocheza kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari Nairobi, waliletwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwenyekiti aliniagiza niwapange nao, wa kwanza hadi wa kumi. Nilimweleza kwamba mimi ni Mtanzania. Akasema basi sina upendeleo.

Mwaka huo huo Karlsson aliuzwa San Jose na klabu ikabomolewa mpaka msingi, na orodha yangu ikanona kuliko zote. Brady Tkachuk alichaguliwa wa nne 2018. Mwaka 2020, drafti ikifanywa kwa video kwa sababu ya korona, tulichagua wa tatu na wa tano, na ile ya tatu ilikuwa malipo ya Karlsson. Alex Trebek, mtangazaji wa mashindano ya maswali, ndiye aliyemtaja Tim Stützle wa Ujerumani. Wa tano alikuwa Jake Sanderson, beki.

Hapo ndipo nilipoacha kupanga vijana nikaanza kupanga nafasi. Mpinzani akitolewa dakika mbili kwa kosa, timu hucheza watano kwa wanne, na humo ndimo zinamotoka pointi za fantasi. Makocha wengi wanaweka beki mmoja tu kwenye kikosi cha kwanza cha hali hiyo. Sanderson huenda ndiye bora zaidi kwa mtu anayependa hoki, lakini wakati ule beki mwenzake, Thomas Chabot, alikuwa amekaa kwenye kiti hicho, na kwenye fantasi beki hodari asiye na kiti anakupa sifa bila pointi. Stützle hakuwa na wa kumzuia; msimu wa 2022-23 akapata 90. Sasa kila Agosti nasoma mikataba kwanza, wa nani unaisha lini, ndipo nitazame video.

Chipukizi hao wamekua. Ottawa walifika mchujo mwaka 2025 kwa mara ya kwanza tangu 2017, wakatolewa na Toronto, na orodha imekonda kwa sababu nafasi nyingi za drafti zilitolewa kununua wakubwa. Anayebishaniwa ni mmoja, Carter Yakemchuk, beki aliyechaguliwa wa saba 2024 baada ya kufunga mabao 30 kwenye ligi ya vijana ya magharibi. Mhasibu anampenda. Mimi nimemweka wa kwanza nikiwa na mashaka, maana siku hizi Sanderson ndiye mwenye kiti na mkataba wake unakwenda hadi 2032, na Chabot bado yupo. Papa, ambaye amestaafu ghala lakini hajastaafu ligi, amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne usiku wa manane. Anasema kichwa kipo, miguu ndiyo haijafika, nimshushe hadi wa tatu, na kama sitaki nimpigie kabla ya Ijumaa.