Wale Waliokaa Kimya Barazani

Mwezi uliopita nilikuwa likizo nyumbani Suma, wilayani Rungwe. Mvua ya kwetu ikianza asubuhi, mtu hana budi kubaki ndani akiitazama migomba kupitia dirishani. Siku moja ya mvua ya namna hiyo, binti wa dada yangu, aliyeko sekondari, aliniletea daftari lake akasema, “Mjomba, nisaidie. Tumeambiwa tuchambue dhamira na wahusika wa Kusadikika.”

Kazi yake ilikuwa nadhifu. Karama: msomi, jasiri, mpenda haki. Majivuno: mwenye kiburi, mwonevu, mchongezi. Dhamira: uongozi mbaya, haki na sheria, thamani ya elimu. Hapakuwa na kosa. Hata mimi chuoni hufundisha hivyohivyo. Nikamrudishia daftari na kumsifu. Ndipo akauliza jambo ambalo halikuwamo katika swali la mwalimu wake: “Na wale wengine waliokaa barazani siku zote, walikuwa wanafanya nini?”

Sikuwa na jibu la haraka. Kwa wasiokisoma kitabu hicho, Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama ameshitakiwa kwa kosa la kueneza elimu ya sheria, na mshitaki wake ni Waziri Majivuno. Anajitetea kwa siku sita mbele ya mfalme na baraza. Badala ya kujililia, anasimulia habari za wajumbe sita waliopata kutumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alipata mateso safarini, kila mmoja alirudi na mashauri ya kuifaa nchi, na kila mmoja alilipwa kifungo. Mwishoni mfalme anakubali hoja, na wafungwa wanafunguliwa.

Wengi wetu tumezoea kuisoma riwaya hii kama fumbo juu ya ukoloni, na ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingi tunasahau kutazama meza ambako fumbo hilo lilifumiwa. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa mtumishi wa serikali. Alianza kazi katika idara ya forodha mwaka 1926, akapitia idara kadhaa, na kitabu chake kilipotoka mwaka 1951 alikuwa bado karani wa serikali ileile aliyoifumbia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1953, serikali hiyo iliwakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na vyama vya siasa. Wakosoaji hutaja athari za hekaya za Alfu Lela u Lela na za safari za Gulliver katika uandishi wake, nami sizikatai. Naongeza athari moja isiyotajwa sana: nidhamu ya ofisi. Mtu aliyeyazoea majalada na barua za wakubwa hujua sauti ipi hupita na ipi huzuiwa. Nchi aliipandisha angani ili aweze kuisema ya ardhini.

Wakati huohuo wajumbe wa kweli walikuwa njiani. Wameru waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao mwaka 1951, na mwaka uliofuata walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa kuwasemea. Ardhi hawakurudishiwa kwa safari ile, lakini Tanganyika ilijifunza kwamba shauri la kijiji laweza kusikika New York.

Sasa narudi kwa swali la mtoto. Miaka mitatu iliyopita nilihudhuria, kama mgeni, mkutano wa kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Mama mmoja mzee alisimama akauliza michango ya ujenzi imefikia kiasi gani na imetumikaje. Akaambiwa aketi, asilete vurugu mbele ya wageni. Baadhi ya watu wakacheka. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wageni. Nilijua kwamba Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na kwamba swali lake lilikuwa haki yake. Niliinamisha kichwa, nikajifanya nasoma ujumbe katika simu. Mkutano ulipokwisha, mama yule alinifuata akanisalimu kwa adabu, akaniuliza kama nitafika salama kwa tope lile la barabarani. Habari ya mkutano hakuigusa kabisa. Laiti angenilaumu.

Kwa hiyo najua waliokaa barazani walikuwa wanafanya nini. Walikuwa wanahesabu. Huyu alifikiri cheo chake, yule watoto wake, mwingine alijiambia kwamba si shauri lake. Majivuno mmoja hawezi kuwafunga wajumbe sita. Anahitaji baraza zima linalotazama pembeni. Uchambuzi unaogawa wahusika kuwa wema na wabaya hutupa sisi wasomaji kiti cha starehe, kwa maana hakuna anayejiona kuwa Majivuno, na kila mmoja hujidhania Karama.

Wazee wetu Wanyakyusa walilijua tatizo hili. Malafyale hakutawala peke yake. Walikuwapo amafumu, wakuu wa vijiji wasiotoka katika ukoo wa utawala, na kumkanya mtawala ilikuwa sehemu ya wajibu wao. Sisemi enzi zile hazikuwa na uonevu. Nasema kusema kweli kulipewa kiti na jina, hakukuachiwa ushujaa wa mtu mmoja. Karama alihitaji ushujaa kwa sababu Kusadikika haikuwa na mafumu hata mmoja.

Nilimweleza binti yetu habari ya mkutano ule, pamoja na ile simu. Alisikiliza, kisha akauliza kama akiandika juu ya waliokaa kimya atapata alama. Nikamwambia huenda asipate, lakini aandike. Akaongeza mstari mmoja chini ya orodha yake: “Wajumbe wa baraza: wanajua, hawasemi.”

Kabla sijaondoka Suma nilimpigia simu mwenyeji wangu wa kijiji kile, nikamwuliza mkutano mkuu ujao utakuwa lini. Amenitajia tarehe. Nitakwenda, na nikiruhusiwa kusema nitaomba kwanza swali la mama yule lijibiwe, ingawa limechelewa miaka mitatu kwa sehemu iliyo yangu.