Hasimu Ninayemjua: Tajiriba ya Kumsawiri Mhusika Mwovu

Kila mwanafunzi wa uhakiki hufunzwa kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Darasani jambo hili ni jepesi. Huwa gumu pale mwandishi anapoketi kumsawiri mtu ambaye matendo yake yanamchukiza.

Nilikabiliwa na ugumu huo nilipoandika hadithi fupi kuhusu wazee wanaouawa kwa kushukiwa uchawi katika nchi ya Wagusii. Mada hii si ya kubuni: Mei 2008 watu 11 waliteketezwa moto Kisii, na Oktoba 2021 wanawake wanne wakauawa Marani. Kiongozi wa umati katika rasimu yangu alikuwa mnyama mtupu, mlevi mwenye macho mekundu na kinywa cha matusi.

Nilimsomea mama rasimu hiyo nyumbani Keumbu, kando ya barabara iendayo Keroka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Mwanangu, huyu ni wa wapi? Hapa simjui.”

Nilifedheheka, maana mimi nilimjua. Nilipokuwa shule ya upili, usiku mmoja ukunga ulipigwa, nikatoka mbio na wenzangu hadi kwa bibi mmoja mjane. Aliyetutangulia hakuwa mlevi. Alikuwa jirani mpole, aliyezoea kuwabeba wagonjwa wetu hadi hospitali, na juma lile alikuwa amemzika mtoto wake. Mjane hatukumkuta, alikuwa amelala kwa bintiye. Tulirudi, na jambo hilo halikutajwa tena.

Katika Rosa Mistika (1971), Kezilahabi anamsawiri Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Msomaji anaiona hofu ya mzazi ndani ya kipigo hicho, lakini hofu hiyo haimwondolei Zakaria lawama. Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya kumwelewa mhusika na kumtetea.

Basi niliandika upya. Nilimpa hasimu wangu msiba na haja ya kupata wa kulaumiwa. Kukazuka hatari nyingine: huruma yote ilimwendea yeye, na mjane akabaki mlango tu wa kuvunjwa. Ikanibidi nimpe mjane naye migomba yake, mzozo wake wa shamba na shemejiye, na sauti yake. Tena nilimfanya hasimu asimame njiani, penye nyumba yenye taa, mahali ambapo angeweza kurudi. Msiba unaeleza kwa nini alitoka nyumbani. Kiberiti alikishika mwenyewe.

Nilimsomea mama mara ya pili. Safari hii hakuuliza mtu huyo ni wa wapi. Aliuliza, “Na wewe, mwanangu, ulikuwa wapi katika umati huo?”

Mhusika huyo ndiye ninayemwandika sasa.