Zikri ya Usiku wa Ijumaa, Msambweni

Ubani ulikuwa kazi yangu. Kila Alhamisi baada ya Isha, usiku wa Ijumaa kwa hesabu yetu, watu wa zikri wakikusanyika uwanjani nyuma ya msikiti, mimi na mtoto wa jirani tulizunguka na chetezo, na ole wetu makaa yazime kabla Khalifa, kiongozi wa zikri, hajafika kwenye "Hayyu". Ilikuwa miaka ya sabini. Mtaani kwetu stima ilikuwa haijafika. Mwanga wetu ulikuwa karabai moja iliyotundikwa mwembeni.

Asiyeijua zikri hudhani ni kelele. Ilianza watu wamekaa kitako, "La ilaha illa Llah", kila neno likipewa haki yake. Kisha walisimama safu mbili wakaelekeana, wakashikana mikono, na neno likafupika: "Allah", halafu "Hayyu", halafu pumzi tupu zikitoka vifuani kama msumeno ndani ya gogo. Walioichukia waliiita zikri ya kukohoa. Njia yenyewe ni Qadiriya, aliyoieneza Sheikh Uways wa Barawa, ambaye alifika Unguja miaka ya 1880, zama za Sayyid Barghash, na akauawa kwao Somalia mwaka 1909.

Khalifa wetu alikuwa mvuvi, mtu mfupi ambaye mchana ungempita usimtambue. Usiku ule hatamu zote zilikuwa kwake. Mwendo aliupima kwa kisigino cha kulia, akikigonga mchangani. Vijana wakipata moto na kutaka kukimbia, hakuwakemea wala hakupaza sauti. Aliishusha, mpaka kila mtu akalazimika kupunguza yake ili amsikie. Mtu akishikwa na hali, wazee wawili walimwegemeza mgongo, na safu nzima ikarudishwa polepole hadi mwenzao azindukane. Sijaona tena uongozi wa namna ile, na nimeona wenyeviti wengi.

Baba alikuwa fundi kwenye kiwanda cha sukari cha Ramisi, cha kina Madhvani, na huko nilisikia kitu kingine. Jioni fulani tulipita karibu na nyumba za mafundi wa Kihindi tukakuta wanaimba bhajan: harimoni, matoazi madogo, mama mmoja akitangulia na wengine wakiitikia jina lilelile. Walianza pole, wakapanda, wakapanda zaidi, kisha yule mama akawashusha kwa matoazi yake. Baba alisimama na baiskeli yake hadi mwisho, asiseme neno. Tulipofika barabarani akanieleza kuwa wale nao wana khalifa wao.

Baadaye nilisoma kwamba Wahindi huiita njia hiyo bhakti yoga, ibada ya mapenzi, na kwamba Chaitanya wa Bengal alizitoa nyimbo zake hadi barabarani karne ya 16. Mwenye kulitaja jina peke yake huhesabu kwa shanga 108; tasbihi yetu ni 99, au 33 kwa mizunguko mitatu. Dini ni mbili na hazichanganyiki, baba angekuwa wa kwanza kukwambia hivyo. Sikio lake, hata hivyo, lilitambua ufundi.

Kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Wanaume wakatawanyika, wengine Likoni, wengine mahoteli ya Diani ambako zamu haijui Alhamisi. Wakati huohuo vijana waliokwenda kusoma nje walirudi wakisema zikri ya safu ni bidaa. Mabishano hayo yana wanazuoni wake, siyaingilii. Najua tu kwamba safu zetu mbili zikawa moja, kisha ikabaki duara la wazee.

Siku hizi mpwa wangu, mhudumu hotelini Diani, hunihadithia wageni wanaokaa kwenye mikeka alfajiri wakivuta "Om". Huambiwa pumzi inatuliza moyo. Inatuliza kweli, ila kwetu utulivu ulikuwa bakshishi; watu walikuja kumtaja Mola.

Kasida zimo kwenye diwani, maulidi ya Barzanji yanauzwa dukani. Kisigino cha Khalifa hakimo kitabuni. Lini upandishe, lini ushushe, mtu aliyezidiwa umrudishe vipi: hayo wanayo wazee wachache waliosalia kati ya Gazi na Vanga. Wewe mwenye babu wa aina hiyo nyumbani, na simu unayo mfukoni, mwombe ruhusa umrekodi Alhamisi hii.