Usimwekee Mtu Maltiplai Usoni

Wasee, leo sina stori ya kuchekesha. Kuna swali mmekuwa mkinitumia inboksi kila wiki: "Ushawahi kuharibu kazi ya mtu kabisa?" Ndiyo. Na haikuwa logo ya kinyozi.

Kwa wageni hapa: naishi West Indies, Eldoret, chumba kimoja. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, ingawa mzee bado huambia watu niko likizo. Natengeneza posta (si ile ya barua) kwa kutumia Inkscape, kwa sababu ni ya bure na mimi na kulipia programu kila mwezi kwa dola hatujuani.

Nje ya geti letu kulikuwa na kibanda cha mboga. Mwenyewe tulimwita Mathe, ploti nzima. Tangu tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ni jiji, lakini tope la huku kwetu halijapata hiyo taarifa, na siku za mvua Mathe alikuwa anakanyaga hilo tope saa kumi na moja asubuhi akitoka soko na gunia mgongoni. Mimi alikuwa ananiita "kijana wa kompyuta". Nikiwa sina kitu ananifungia sukuma na nyanya mbili, anaandika kwenye kijitabu chake. "Utalipa ukipata." Hakuna siku aliniuliza nitapata lini. Nafikiri nilijaza kurasa mbili za hicho kijitabu, na sikuwahi kuzimaliza.

Alifariki mwaka jana, ghafla. Jioni ya pili kijana wake mkubwa akabisha kwangu. "Bro, tunaomba utushughulikie gamba la kijitabu cha mazishi. Mathe alikuwa anakusifu sana." Bei hata sikutaja. Nikamwambia anipee picha.

Picha ilikuwa moja. Moja tu! Ya pasipoti, ya kujiandikisha chama, imepigwa tena kwa simu. Mathe amevaa kitambaa kichwani, nyuma yake ukuta wa rangi ya maziwa, anatazama kamera kama mtu aliyeambiwa asitabasamu.

Hapa lazima nieleze kidogo mambo ya kazi, vumilieni.

Ukitaka kumtoa mtu kwenye picha yake umweke mahali pengine, kuna njia ya heshima na njia ya uvivu. Njia ya heshima ni maski. Unachora umbo juu ya picha, unachagua vyote viwili, unaiambia Inkscape itumie lile la juu kama maski. Sheria ni rahisi: palipo peupe kwenye maski picha inaonekana, palipo peusi inafichika, palipo kijivu inaonekana nusu. Ndiyo maana maski inashinda klipu. Klipu inakata kama makasi, wembe moja kwa moja. Maski unaweza kuififisha ukingo, mtu akaonekana amesimama pale, si kama amebandikwa na gundi. Lakini lazima uchore kwa mkono, nodi baada ya nodi, ukizunguka kitambaa, sikio, bega. Inakula masaa.

Njia ya uvivu ni modi za kuchanganya rangi. Tangu Inkscape 1.0 ya mwaka 2020 ziko karibu sana, kwenye kile kidirisha cha rangi na mistari. Ile maarufu ni Maltiplai, yaani kuzidisha, na inafanya hesabu kweli. Inachukua rangi ya picha yako, inazidisha na rangi iliyo chini yake. Nyeupe ni moja, na chochote mara moja kinabaki vile kilivyo, kwa hivyo nyeupe inapotea kabisa. Ukuta wa rangi ya maziwa nao karibu upotee. Sekunde mbili, hakuna kuchora, hakuna nodi.

Nikachagua sekunde mbili.

Nilikuwa nimeweka nyuma shamba la mahindi na machweo ya rangi ya chungwa. Maltiplai ikaingia, ukuta ukayeyuka, Mathe akatokea ndani ya machweo kama ndoto. Laptopu yangu mwangaza uko juu hadi mwisho. Nikaona nimeua. Nikapiga hata skrinishoti ya kuweka huku kwenye ukurasa wangu. Nayo pia naikiri.

Sasa fanya ile hesabu na mimi. Kwenye skrini rangi inahesabiwa kutoka 0, giza tupu, hadi 255, mwanga kamili. Tuseme shavu la Mathe ni 110, na machweo nyuma yake ni 150. Zidisha, gawanya kwa 255, unapata kama 65. Shavu limeshuka karibu nusu. Na macho, na kivuli chini ya pua, ambavyo tayari vilikuwa giza, vinaenda shimoni. Maltiplai haijui kuongeza mwanga hata kidogo, kazi yake ni kupunguza. Halafu upeleke hiyo kwa printa. Skrini inakurushia mwanga machoni, karatasi haina mwanga wake, na wino husambaa kidogo ukigusa karatasi. Kilichokuwa giza kinazidi kuwa giza.

Video nyingi za mafunzo nilizosomea hii kazi, modeli ni mzungu. Maltiplai ikimshika, anatoka na rangi nzuri ya jua. Modi ni ileile, hesabu ni ileile, ila yeye alianzia 220. Na si mambo mapya. Zamani Kodak walikuwa wanapelekea maabara za picha kadi za kupimia rangi zenye mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na picha za watu wote zilirekebishwa kwa kumlinganisha na yeye. Sisi tulitokea meno na macho. Mimi Mathe nilimnyima hata hayo macho.

Magamba yalikuwa 150, shilingi 30 kila moja, pesa za mchango wa ploti. Nilituma faili kwa duka moja tauni, nikachukua bahasha jioni, mvua inanyesha, sikufungua. Niliipeleka moja kwa moja kwa familia. Mazishi yalikuwa kesho yake kutwa, Turbo. Kijana mkubwa akatoa moja, akainyamazia. Kisha akasema, "Ni sawa bro, watu watamjua."

Kitinda mimba wao, msichana wa gredi ya 6, akaichukua mkononi mwake, akaisogeza karibu na balbu.

"Mbona mum hana macho?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwa kiti cha plastiki na kikombe cha chai wamenipa wao, wafiwa.

Ningeweza kunyamaza. Kaka yake ashasema ni sawa, na matanga watu hawaangalii gamba, wanatafuta jina lao kwenye ratiba. Mwenye duka nikimpigia alisema, "Boss, mimi nilichapa vile ulileta," na ni ukweli, alichapa vile nilileta. Pesa ya kurudia haikuwepo. Nilikuwa na 4,000 mfukoni kwa simu, na hiyo ilikuwa ya rent.

Nikamwambia kijana wao anipee hadi kesho mchana.

Usiku huo nilichora ile maski. Nilianza saa tatu, nikamaliza saa nane na kitu. Kitambaa chake kilikuwa na mikunjo upande wa kushoto ambayo sikuwa nimeiona, na hereni ndogo, moja tu. Miaka miwili nanunua mboga kwake, sikujua anavaa hereni. Nikaweka nakala mbili za picha. Ya chini nikaiachia Maltiplai, ili mabega na nguo zishike rangi ya machweo. Ya juu ikabaki kawaida kabisa, na maski yake nyeupe usoni, ikififia kwenda nyeusi shingoni. Kwa hivyo mwili unaingia kwenye mandhari, lakini uso unabaki wake, vile kamera iliuona. Nikauongeza mwanga kidogo kwa sababu ya karatasi. Kila kitu nikakitoa kama picha moja bapa ya nukta 300 kwa inchi, ili programu ya duka isipate chochote cha kutafsiri kivyake.

Na nikachapa nakala moja kwanza. Shilingi 30! Hiyo ndiyo pesa niliyokuwa nimeokoa mara ya kwanza. Nikaitoa nje ya duka, nikaiangalia kwa mwanga wa kawaida. Macho yako. Hereni iko.

Mwenye duka akanishushia hadi 20 kila moja, kwa hivyo 3,000 ikaenda, na kea-teka wetu tukaanza kuchezeana kibemasha hadi mwezi ulipoisha.

Kuna mtu ataniambia nimekuza mambo. Wacha nimjibu. Februari 2024 Kelvin Kiptum alipofariki kwenye ajali upande wa Kaptagat, akiwa na miaka 24 na rekodi ya dunia ya 2:00:35 aliyoweka Chicago miezi minne kabla, mimi pia nilitengeneza posta yangu. Dhahabu kila mahali, mwanga wa kanisa, modi tatu juu ya nyingine. Ilikuwa mbaya, nikiiangalia leo. Lakini haikumwondolea Kiptum chochote, sura yake iko kwenye picha na video dunia nzima. Mathe alikuwa na picha moja. Yule mtoto akiwa na miaka 30, huenda kitakachokuwa mkononi mwake ni lile gamba langu.

Turbo nilienda. Nilikaa nyuma kabisa, na sikutaka kuangalia watu wakifungua vijitabu, lakini niliangalia. Yule msichana alikuwa ameshika chake kwa mikono miwili muda wote. Hakuniambia kitu. Deni la sukuma nilimpa kaka yake baadaye, pungufu kidogo. Alisema hajawahi kukiona hicho kijitabu.

Yale magamba 150 ya kwanza bado ninayo chini ya kitanda. Upande wa nyuma ni meupe, karatasi nzuri, nzito. Juzi kea-teka ameniuliza kama anaweza kuyatumia kuwashia jiko. Nimemwambia hapana, akacheka, akaniuliza sasa nayawekea nini.